Kasoro zinazojulikana katika kompaila ya Lisp: ziandikwe wapi, na ziandikweje?

Swali: Mimi na wenzangu wawili tunatunza kompaila ndogo, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ya lugha ya programu ya Common Lisp. Tuna faili moja la maandishi lenye kasoro 63 zinazojulikana, na baadhi zimo humo kwa miaka sita. Mmoja wetu anataka tuachane na faili hilo tuhamie kwenye mfumo wa tiketi, ambamo kila kasoro hufunguliwa ukurasa wake. Mwingine anasema asiyesoma faili hatasoma tiketi. Je, kasoro za kompaila zifuatiliwe vipi ili kumbukumbu hiyo iwe na faida? Na ni jambo gani linastahili kuandikwa humo kuwa ni kasoro?

Jibu:

Ndugu msomaji,

Wenzako wanabishania mahali pa kuiweka kumbukumbu, lakini nikilisoma swali lako naona shaka zaidi kwenye kumbukumbu yenyewe. Kasoro 63 zilizoandikwa kwa maneno matupu hazitafaa kitu zikihamishiwa kwenye tiketi, na zilizoandikwa ipasavyo zitafaa hata zikibaki kwenye faili la maandishi. Kwa maoni yangu, kasoro ya kompaila haijaandikwa mpaka iwe na kipande kifupi cha msimbo ambacho mashine inaweza kukiendesha bila msaada wa mtu, kikashindwa leo kwa namna inayojulikana, na siku kitakapofaulu mashine hiyohiyo itoe taarifa bila kusubiri mtu akumbuke kuuliza. Maelezo mengine yote ni nyongeza juu ya kipande hicho.

Nasisitiza hivyo kwa sababu kasoro ya kompaila haijitokezi ndani ya kompaila. Hujitokeza ndani ya programu ya mtu mwingine, ambaye kwa siku kadhaa atajishuku mwenyewe kabla ya kuishuku zana yake, na mara nyingi huwa hajakosea kujishuku. Anapofika kwenu huwa na msimbo wa maelfu ya mistari, maktaba kadhaa na uchovu mwingi. Kabla ya kasoro yake kupewa namba katika daftari lenu, mistari hiyo inapaswa kupunguzwa hadi ibaki michache kiasi kwamba mtu anaweza kuisoma yote bila kupandisha ukurasa.

Nichukue mfano wa kubuni, ingawa ni wa aina inayotokea kweli. Tuseme mtumiaji analalamika kwamba hesabu yake ya faharisi za safu inatoa namba isiyo sahihi, na baada ya kupunguza na kupunguza tena mnabaki na hiki:

(funcall (compile nil '(lambda (x)
                         (declare (type (integer -7 -1) x))
                         (ash x -3)))
         -5)

Tamko linasema kwamba x ni namba kamili kati ya -7 na -1. Jibu sahihi ni -1, kwa kuwa ash inaposogeza biti kwenda kulia hushuka kuelekea namba ndogo zaidi, haielekei sifuri. Kompaila yenu inarudisha 0. Chanzo ni kwamba sehemu inayokadiria aina ya jibu imeandikwa kana kwamba kusogeza biti tatu ni kugawanya kwa 8 na kutupa baki: inagawanya -7 inapata 0, inagawanya -1 inapata 0, inahitimisha kuwa jibu haliwezi kuwa kingine ila 0, kisha inaifuta hesabu nzima na kuweka 0 mahali pake. Sasa badilisheni tamko liwe (integer -8 -1). Makadirio bado ni mabovu, lakini safari hii yanasema jibu liko kati ya -1 na 0, kwa hiyo hesabu haifutwi, prosesa inasogeza biti kama kawaida, na jibu linatoka -1, sahihi kabisa. Kasoro iko palepale na hakuna anayeiona. Mtu aliyeandika katika daftari kwamba "ash inakosea kwa namba hasi" amemwachia mwenzake sentensi ambayo ataijaribu kwa namba kumi tofauti, ataona zote ziko sawa, na ataifunga kasoro bila wasiwasi wowote.

Ndiyo maana namba zenyewe, kama zilivyotokea, ni sehemu ya kasoro na hazipaswi kusawazishwa ili zipendeze. Vivyo hivyo matamko ya aina, na vivyo hivyo kiwango cha uboreshaji: kipande kinachoshindwa kwa (speed 3) (safety 0), yaani kasi ya juu bila ukaguzi, huenda kikafaulu kwa (safety 3), kwa sababu ukaguzi uliowekwa humo hukamata kosa kabla halijazaa lingine. Ongezeni kinachorudishwa na (lisp-implementation-version), (machine-type) na yaliyomo katika *features*, yaani toleo la kompaila, aina ya mashine na orodha ya sifa za mfumo, na muwe na desturi ya kuendesha kipande hicho katika mchakato mpya uliowashwa bila faili la mwanzo la mtumiaji, lile linalosomwa mfumo unapowashwa. Hili la mwisho nimelilipia. Wakati fulani nilihangaika wiki mbili na kasoro iliyotokea kwenye mashine ya mtu mmoja tu. Nilisoma msimbo wa kugawa rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) mstari kwa mstari, nikauchora kwenye karatasi, na mwishowe ikaonekana kwamba faili lake la mwanzo lilikuwa limetangaza (safety 0) kwa kila kitu miaka kadhaa kabla, naye alikwisha kusahau. Kompaila yetu haikuwa na kosa; ilikuwa imetii.

Katika Lisp jambo hili lina uzito kuliko katika lugha nyingine nyingi, kwa kuwa mtumiaji hukaa ndani ya mfumo ulio hai kwa saa nyingi, akifafanua upya funksheni, makro na miundo juu ya ile iliyotangulia. Kasoro inayotegemea mpangilio wa ufafanuzi, kwa mfano muundo wa defstruct uliobadilishwa baada ya funksheni zinazousoma kukompailiwa, haiwezi kuandikwa kwa kunakili fomu ya mwisho tu. Andikeni mfuatano wote, tangu mchakato kuwashwa.

Nije kwenye jaribio lenyewe. SBCL (Steel Bank Common Lisp), kompaila ya Common Lisp ambayo msimbo wake uko wazi na nawashauri muusome, ina makro ya majaribio iitwayo with-test, ambayo hupokea jina la jaribio na, ikibidi, sharti la :fails-on linalotaja mazingira ambamo jaribio linatarajiwa kushindwa. Mkiendesha majaribio yote, lililotarajiwa kushindwa likishindwa huhesabiwa kando na halivurugi matokeo. Lakini lililotarajiwa kushindwa likifaulu, hutajwa katika taarifa ya mwisho kuwa limefaulu bila kutarajiwa. Taarifa hiyo ndiyo inayomwambia mtunzaji kwamba kuna kasoro imetoweka, pengine kwa badiliko lililolenga kitu kingine kabisa, na kwamba ni wakati wa kwenda kuangalia kwa nini. Nyinyi mko watatu. Hamwezi kukumbuka kasoro 63, na hampaswi kujaribu.

Kuhusu faili na tiketi, historia ya SBCL ina funzo kwa pande zote mbili za ubishi wenu. Mradi huo ulitoka kwenye CMUCL, kompaila ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mwaka 1999, na jina lake ni mzaha juu ya asili hiyo, kwa kuwa Carnegie alipata utajiri wake kwenye chuma na Mellon kwenye benki. Kwa miaka mingi kasoro zake zilikaa katika faili moja liitwalo BUGS, ndani ya msimbo wenyewe, zikiwa na namba. Mwanzoni mwa faili hilo msomaji alielezwa kwamba mapengo katika mfuatano wa namba ni ya kasoro za zamani zilizoondoka, aghalabu kwa kurekebishwa. Namba haikupewa kasoro nyingine, kwa hiyo maoni yaliyoandikwa ndani ya msimbo zamani, yakitaja kasoro kwa namba yake, hayakugeuka kuwa uongo. Baadaye kumbukumbu hiyo ilihamishiwa Launchpad, mfumo wa tiketi wa mtandaoni, na namba za huko zikaendelea kuonekana katika majina ya majaribio na katika faili la NEWS, lenye habari za matoleo.

Mimi ningegawanya hivi. Jaribio na sentensi mbili tatu za maelezo zikae na msimbo, kwa sababu kasoro ni mali ya toleo: mtu akirudi kwenye msimbo wa miaka miwili iliyopita apate pamoja nao kasoro zilizojulikana wakati huo, si za leo. Mazungumzo, yaani nani aliona nini, nani alijaribu nini na akashindwa, yakae kwenye tiketi, kwa kuwa mazungumzo hayana toleo na mtumiaji wa kawaida hataandika ndani ya hazina yenu ya msimbo. Kiungo kati ya viwili hivyo ni namba moja, isiyotumika tena kwa jambo lingine. Mkilazimika kuchagua kimoja tu, chagueni kinachokaa na msimbo.

Swali lako la pili ni gumu kuliko la kwanza. Mtazameni mtumiaji aliyeandika hivi:

(defun panga ()
  (let ((namba '(3 1 2)))
    (sort namba #'<)))

Wito wa kwanza unarudisha (1 2 3). Wito wa pili, katika kompaila nyingi, unarudisha (3). Mtumiaji ataapa kwamba kompaila imeharibika, na ushahidi wake unaonekana hauna doa. Lakini orodha iliyonukuliwa ni sehemu ya msimbo, sort ina ruhusa ya kuiharibu orodha inayopewa, na kiwango rasmi cha lugha hii, kilichotolewa na ANSI, shirika la viwango la Marekani, mwaka 1994, kinasema kwamba matokeo ya kubadilisha data iliyonukuliwa hayakufafanuliwa. Katika wito wa kwanza seli (kiungo kimoja cha orodha) yenye 3 ilisogezwa ikawa ya mwisho, na kigeu namba katika wito wa pili bado kinaishika seli hiyohiyo, ambayo sasa haina kitu nyuma yake. Kwa upande wa kiwango, kompaila haina hatia. Hata hivyo nisingemjibu mtumiaji huyo "si kasoro" kisha nikafunga. SBCL hutoa onyo pale inapoona funksheni ya kuharibu ikipewa data isiyobadilika, na onyo hilo limewaokolea watu muda mwingi. Kama kompaila yenu iko kimya, ukimya huo unaweza kuandikwa katika daftari kuwa upungufu, ukitenganishwa kabisa na kasoro za majibu yasiyo sahihi.

Jamaa yake ni defconstant, inayotangaza thamani isiyobadilika, inapopewa orodha. Faili likipakiwa mara ya pili, orodha mpya si eql na ile ya kwanza, yaani si kitu kilekile kimoja, hata kama zinafanana kwa macho, na hapo kiwango kinaiachia kompaila ifanye itakavyo. SBCL hupandisha kosa, na wengine hunyamaza. Mambo ya aina hii, ambayo mmeyaamua kwa makusudi ndani ya nafasi iliyoachwa na kiwango, mahali pake ni kitabu cha maelekezo. Yakiachwa katika daftari la kasoro yataokotwa kila mwaka na mtu mwenye nia njema, atakayetumia siku nzima kuyarekebisha.

Palipo na ukiukaji wa kweli wa kiwango, msitegemee malalamiko ya watumiaji. Paul Dietz aliandika mkusanyo wa majaribio ya kiwango cha ANSI, wenye majaribio zaidi ya 20,000, ambao umetumiwa na watunzaji wa kompaila nyingi za Common Lisp. Uendesheni, na majaribio yanayoshindwa yaorodhesheni katika faili lake la peke yake, bila kuyapa kila moja tiketi. Mtashangaa ni mangapi yanatokana na chanzo kimoja. Ndani ya mkusanyo huo mna pia kifaa ninachokipenda kuliko vyote: hutunga kwa nasibu fomu zinazotoa namba kamili, huzikompaili kwa njia mbili, moja ikiwa na matamko ya aina na uboreshaji, nyingine ikiwa imezuiwa kuboresha, kisha hulinganisha majibu. Yakitofautiana, kifaa hicho huipogoa fomu chenyewe mpaka ibaki ndogo. Kasoro yangu ya kubuni ya (integer -7 -1) ni mawindo yake halisi. Mkishuku bila uhakika, endesheni kipande hicho pia kwenye kompaila nyingine za Common Lisp kama CLISP, ECL na Clozure. Wote watatu wakikubaliana dhidi yenu, hiyo ni dalili nzito, ingawa neno la mwisho ni la kiwango na si la kura.

Kuhusu uzito wa kasoro, naona daftari nyingi zinakosea kwa kuiweka juu ile inayopiga kelele. Kompaila inapoanguka katikati ya kazi, kama pale SBCL inapokuta sharti lake la ndani limevunjika na kutangaza kwamba huenda hii ni kasoro ya SBCL yenyewe, mtumiaji amekasirika lakini hajadanganywa. Hana programu, na anajua hana. Inayonikosesha usingizi ni ile inayokompaili vizuri, haitoi onyo, na kurudisha 0 mahali pa -1. Hiyo ikae juu hata kama imeripotiwa na mtu mmoja, na kila kasoro ya aina hiyo iandikiwe njia ya kuikwepa iliyojaribiwa. Katika mfano wangu, (declare (notinline ash)) huenda ikatosha, kwa sababu inaikataza kompaila kuweka hesabu yake yenyewe mahali pa wito wa funksheni hiyo. Lakini "huenda" haitoshi katika daftari. Iandikieni jaribio la pili, linalotarajiwa kufaulu, lenye njia hiyo ya kukwepa ndani yake. Siku litakaposhindwa mtajua kwamba ushauri mliowapa watu umechacha.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wa programu za kawaida hawalipati. Kompaila yenu, nadhani, imeandikwa kwa Lisp na hujikompaili. Basi kasoro ya ash inaweza kuwa imekwisha kuingia ndani ya kompaila yenyewe: toleo la leo lililojengwa na toleo la jana lina msimbo chanzo sahihi na mwili mbovu. Mkirekebisha chanzo na kujenga mara moja, kompaila mnayoipata imetengenezwa na ile mbovu. Jengeni mara ya pili kwa kutumia hiyo mpya kabla ya kuamini matokeo. SBCL imeundwa iweze kujengwa na kompaila nyingine za Common Lisp pia, na faida yake moja ni kwamba unaweza kuuliza kama kasoro inatoweka ikijengwa na mwenyeji tofauti. Kwa hiyo katika kila kasoro andikeni kompaila iliyoijenga kompaila iliyokosea. Ni neno moja, na likikosekana mnaweza kuwinda kivuli.

Msiunganishe kasoro mbili kwa sababu zinafanana. Makadirio mabovu ya aina yanaweza kumfikia mtu wa kwanza kama namba isiyo sahihi, wa pili kama kitanzi kisichokoma, wa tatu kama faharisi iliyotoka nje ya safu, na dalili tatu zinazofanana zinaweza kuwa na vyanzo vitatu. Ziacheni mbali mpaka rekebisho la moja lifaulishe jaribio la nyingine bila kuguswa. Hapo zifungwe pamoja, na majaribio yote yabaki. Na kasoro iliyotoweka yenyewe isifungwe kwa maneno "siioni tena". Tafuteni badiliko lililoiondoa kwa git bisect, amri inayogawa historia ya mabadiliko nusu kwa nusu, ambayo kati ya mabadiliko 1,000 hulifikia kwa hatua kama 10. Likiwa ni badiliko lenye uhusiano na chanzo, fungeni na mliandike kwenye habari za toleo. Likiwa ni badiliko la mpangilio wa rejista au la ukubwa wa funksheni fulani, kasoro haijaondoka, imefichwa tu kama ile ya (integer -8 -1), na jaribio lenu linahitaji kupunguzwa upya mpaka lishindwe tena.

Sasa hizo 63. Zigawaneni, kila mmoja 21, na kila mtu aziandikie zake majaribio akianza na za karibuni, ambazo walioziripoti bado wanakumbuka walichokuwa wakifanya. Kama uzoefu wangu ni kipimo, baadhi zitafaulu papo hapo. Hizo zipeni bisect kama nilivyoeleza. Baadhi zitakuwa za sehemu ya kompaila ambayo haipo tena. Faili la SBCL liliwahi kuwa na kifungu kizima cha kasoro za mkalimani wa ndani (sehemu inayoendesha msimbo bila kuugeuza kuwa lugha ya mashine), na mkalimani huyo aliondolewa baadaye. Zitabaki zile ambazo maandishi yake hayatoshi kutunga jaribio, na hapo mmoja wenu atataka kuzifuta. Msizifute mara moja. Ziwekeeni alama kwamba hazina jaribio, mwandikieni aliyeripoti mkimwomba msimbo wake, na zipeni muda hadi toleo lenu lijalo; asipojibu, zifungeni mkitaja sababu hiyohiyo, na namba zake ziacheni wazi.